Tanuri Baridi

Ubavuni mwa gari la baba, kwa rangi ya buluu,
paliandikwa KALTOFEN, MAJIKO NA MABOMBA YA JOTO.
Wageni walicheka kabla hawajamaliza kusoma,
kwani kalt ni baridi, Ofen ni tanuri,
na nani amwite Tanuri Baridi
theluji ikiwa imemfikia dirishani?

Walimwita. Milima ya Madini haina mafundi wengi,
na Januari ya Saksonia haijui utani.
Baba alipiga magoti mbele ya majiko ya wajane,
akakwangua masizi, akagonga bomba kwa spana,
akatega sikio kama daktari kifuani pa mtoto,
kisha akatamka neno lake la pekee siku nzima:
"Linapumua."

Shuleni nilikuwa Barafu. Nilikuwa Mkate Mbichi.
Mwalimu alipotuagiza kila mtu alete asili ya jina lake,
binti wa kina Vogelsang alikuja na wimbo wa ndege.
Mimi nilikuja na hadithi mbili zinazogombana.

Shangazi Irmtraud aliapa, kisu cha siagi mkononi:
babu wa mababu alikuwa mwokaji,
akalala fofofo mkesha wa Pasaka,
kijiji kikaamkia meza tupu,
na masizi ya usiku ule hayajatutoka usoni.

Ami Ottfried akasema, upuuzi, sisi si watu wa unga.
Hapa iliyeyushwa fedha, usiku na mchana,
hata ukungu ukawa na ladha ya risasi.
Mshipa wa fedha ulipokatika, wenye mali wakahama,
wakaacha tanuri limeachama kama kinywa cha maiti,
na mtu mmoja ambaye hakuwa na pa kwenda.
"Yule wa penye tanuri baridi," wakasema,
karani wa kodi akaandika,
maana kodi haimpati mtu asiye na jina.

Nilikwenda kwenye kitabu cha kanisa, kimeliwa na panya pembeni.
Barthel, penye tanuri baridi. Mbuzi mmoja. Binti mmoja.
Basi. Si mkate, si fedha.
Nikabaki namfikiria yule binti, wasiyemwandika hata jina la kwanza,
akikinga viganja penye matofali, Novemba,
kutafuta kama kumesalia chochote.

Jiwe la mtoni halisemwi kuwa limepoa.
Hupoa kilichowahi kuwaka.

Baba alikufa Februari, mapafu yamejaa vumbi la kazi.
Mazikoni Bi Pischel, wa miaka tisini na mkongojo,
aliligusa gari, si jeneza,
akasema: "Kwangu halikuzimika hata usiku mmoja,"
halafu akaona haya, akaomba kahawa.

Sasa naolewa na Jörn Sommerfeld.
Shamba la Kiangazi! Shangazi anasema ni kazi ya Mungu,
hatimaye binti wa ukoo huu ataota jua.
Msajili ameinua kalamu, amevaa koti humu humu ofisini,
bomba la joto chini ya dirisha limekufa ganzi tangu Jumatatu:
"Utachukua la mume, au utabaki na... hili?"

Jörn anautazama mkoba wangu.
Anajua mna ufunguo mdogo wa shaba,
wa kutolea hewa iliyonasa kwenye mabomba,
umelainika pale kidole gumba cha baba kilipokaa.

"Hili," nasema. "Na unipishe kidogo."
Napiga magoti na gauni langu jeupe.
Bomba linakohoa, linatema maji meusi kwenye pindo,
linaguna, linanyamaza.
Msajili anauliza jina huandikwaje.
Namtajia herufi moja moja, K kwanza, taratibu,
na kiganja nimekiacha pale pale kwenye chuma.